Paa Bila Kuta

Pembetatu ya kwanza ilianguka Jumatatu, ikamkosa Watiri kidogo tu. Alitema vumbi, akang'oa misumari na kuinyoosha kwa jiwe. Jumanne akaisimamisha tena.

Hakuwa fundi. Miaka yote alichuma chai hapa Wamagana, na ujenzi aliusomea kwenye simu: nguzo mbili za mkaratusi ziegemeane juu, ubao uzifunge katikati kama herufi A, kisha mabati yateremke mpaka chini.

Kaka yake, Theuri, alipiga simu kutoka Kutus akicheka. "Ati unajenga? Jumamosi naleta mtu wa kununua hiyo shamba!"

"Mlete."

"Nitabomoa hiyo kitu."

"Kuja ubomoe."

Hati ya shamba ilikuwa na jina la Theuri. Watiri alikuwa na nyundo. Mwezi wa tatu Theuri alileta trekta, ikalima pembe hadi pembe, hata pale dada yake Watiri aliposimama mbele yake akilia. Sasa Watiri alikuwa anajenga pale pale, na hasira yake yote ilikuwa inaingia kwenye misumari. Aliogopa, ndiyo, lakini shamba lile halingeuzwa yeye akiwa hai.

Alhamisi jirani yake Mutahi, fundi wa kweli, alikuja kuchungulia.

"Hii ni paa tu. Nyumba iko wapi?"

"Kuta sitaki. Nataka tu mvua isiguse hapa chini."

"Na hapa katikati umesahau mbao za sakafu."

"Sijasahau."

Mutahi alitazama chini. Kisha akamshikia ngazi mpaka bati la mwisho likapigiliwa, na mlango wa kufuli ukawekwa mbele.

Jumamosi Theuri akafika na mnunuzi, Muchiri, mzee wa kanisa kutoka Karatina. Theuri alikuja na nyundo kubwa ya kubomolea. Lakini alipoiona ile pembetatu ikimetameta juani, Mlima Kenya ukiwa nyuma yake, tamaa ikamshika na nyundo akaiacha garini.

"Hii cottage nakuongezea bure, mzee. Utaweka wageni."

Muchiri aliizunguka mara mbili, akipapasa mabati. "Kijana, mimi siwezi nunua shamba iko na maneno. Hii iko safi?"

"Safi kabisa! Ingia ujionee."

Watiri alimpa kaka yake ufunguo bila ubishi. Theuri alishangaa kidogo, akacheka, akafungua mlango yeye mwenyewe na kumpisha mgeni atangulie.

Ndani hakukuwa na kitanda wala jiko. Katikati, pale pasipo na mbao, udongo ulikuwa umerundikwa upya, na juu yake ulisimama msalaba uliong'olewa na trekta, jina la mama yao limepakwa rangi nyeupe.