Mbuzi Mwenye Miwani

Jumamosi moja ya Novemba 1994, saa nne asubuhi, manyunyu yakianguka, Illuminée alibisha hodi mtaani Rwezamenyo, kwa bibi aliyekuwa jirani wa marehemu dada yake. Alikuwa amemshika mkono msichana mdogo wa kituo cha yatima, asiyekumbuka hata jina lake mwenyewe.

"Mwambie bibi unachokikumbuka," Illuminée alimwambia mlango ulipofunguliwa.

"Mbuzi," mtoto alisema. "Amevaa miwani, kwenye televisheni."

"Kipindi gani hicho, mama? Dada yangu alikuwa na televisheni. Binti yake sijawahi kumwona; huyu siye?" Illuminée aliuliza.

"Jina la kipindi silijui," jirani alijibu. " Sura nayo siwezi kuiapia, amekonda mno. Lakini televisheni ilikuwa hiyo moja mtaa mzima, mwanangu. Watoto wote walijazana dirishani kwa dada yako, wakilia mee mpaka magharibi!"

Jirani akafunga mlango. Mtoto akaomba maji. Illuminée akamrudisha kituoni, akaomba aonyeshwe msichana mwingine.