Redio ya Nakiete

Jumatatu, tarehe tisa Machi, tulimzika mke wangu Nakiete. Jioni redio yake ikawajibu wenye kutuma pole: "Nakiete amepokea. Asante."

Ni amri: kila nyumba hapa mlimani ipitishe ujumbe wa majirani kwa redio yenye kompyuta, inayojibu yenyewe kwa jina la aliyesajiliwa. Nikamwita fundi wa wilaya. Akazima, akawasha, akakagua waya.

"Futa jina lake, bwana."

"Haiwezekani, mzee. Ujumbe wa zahanati unapitia kwake. Nikilifuta, mlima mzima unanyamaza."

"Basi weka langu!"

"Wakubwa hawajaruhusu."

Wakubwa gani hao wanaomtumikisha hata maiti? Nikawaandikia kwa redio hiyohiyo wamwache apumzike. Redio ikalia palepale:

"Nakiete amepokea. Asante."

Sasa nani atamwambia kwamba amekufa?