Glasi Mbele ya Shuka

"Shuka ya kitanda!" Bwana Lenzi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Jamani shemeji, unapiga picha au unaanika nguo?"

 Mke wa mdogo wake alikuwa amepanda kiti, anaibana shuka nyeupe kwenye dirisha la sebule kwa vibanio vya nguo, jua la asubuhi lipite ndani yake lilainike. Pembeni mwa shuka alining'iniza mikanda miwili ya karatasi nyeusi, ili kingo za glasi zisipotelee kwenye weupe. Mbele akaweka kimeza, na juu ya kimeza glasi moja tu, ya mguu mrefu na tumbo la mviringo, aliyoijaza maji. Basi, studio yake yote ilikuwa hiyo.

Bwana Lenzi alikuwa na studio ya kweli, na asingekuacha usahau. Hilo jina la Lenzi alijipa mwenyewe. Kwa miaka ishirini alikuwa amepiga picha za arusi na za pasipoti, akavimba kichwa kana kwamba kamera aliivumbua yeye. Alivaa kofia ya pama yenye unyoya wa jogoo, na hakuivua popote, si mezani, si msibani. Huyu shemeji yake aliwahi kuwa mpokea wageni pale studio. Alifukuzwa siku aliyothubutu kuigusa kamera, akaambiwa mikono yake ni ya ufagio.

Sasa kiwanda cha glasi kilikuwa kinatafuta mpiga picha mmoja wa kudumu. Kila mshindani apeleke picha moja ya glasi, aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe. Yule mama aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Ule ufagio ulikuwa bado unamchoma rohoni.

Bwana Lenzi naye aliitaka, ila hilo hakulisema. Wiki nzima alikuwa anapambana na glasi kwa taa zake tatu kubwa, na kila picha ilitoka na mabaka meupe kama uso wenye ukurutu. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuja "kusalimia."

Akaegemea ukuta, kando ya dirisha.

"Shemeji, sogea kidogo," mwanamke alisema, jicho likiwa kwenye kamera. "Hapo utaingia kwenye picha."

"Mimi?" Bwana Lenzi akakunja mikono kifuani. "Kamera inatazama pale, mimi niko huku, hatua mbili nje! Nimekata vichwa vya watu kwenye picha za pasipoti miaka ishirini, leo wewe ndiye wa kunionesha kamera inaishia wapi? Piga, acha visingizio."

Mwanamke akapiga. Akatazama kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Akakitazama tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

"Imeharibika," alisema. "Naifuta. Nitapiga nyingine ukishaondoka."

Bwana Lenzi akampokonya kamera. Glasi ilikuwa imesimama katikati ya weupe, kingo zake kama zimechorwa kwa kalamu, maji meupe pe, hakuna baka hata moja. Wivu ulimkaba. Na huyu mpumbavu anataka kuifuta!

"Kweli, imeoza," alisema. "Lakini usiifute. Nitumie mimi, nikawaoneshe wanafunzi wangu jinsi glasi isivyopigwa."

"Una hakika, shemeji? Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo. Na hizo nyingine usijichoshe nazo. Kiwandani hawatafuti mtandika vitanda."

Picha ilimfikia kwenye simu kabla hajafika getini.

Siku ya kuchagua, picha zilichapwa kubwa kama milango, zikatundikwa kwenye ukumbi wa kiwanda. Watu walijaa mbele ya ile ya Bwana Lenzi. Mwenyewe hakuitazama hata mara moja, alikuwa anawatazama wanaoitazama. Kisha mtu mmoja akainyooshea kidole picha ya pili kutoka mwisho, ya yule mwanamke. Glasi ile ile, shuka ile ile, mikanda ile ile.

"Kaniiga!" Bwana Lenzi alipaza sauti. "Huyu alikuwa mfanyakazi wangu, anadokoa tangu zamani!"

Meneja wa kiwanda, mama mmoja asiye na maneno mengi, alivaa miwani. "Wewe yako ulipigia wapi?"

"Studio kwangu. Mlango nimeufunga, hamna hata nzi, mimi peke yangu na jicho langu kwenye kamera. Naweza kuapa."

"Basi mmoja wenu ni mwizi," meneja alisema, "na mwizi hapa hapati kazi leo wala kesho." Akamgeukia mwanamke. "Una la kusema?"

Mwanamke alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Ukumbi mzima ulimwangalia jinsi unavyoangaliwa uchafu.

"Sina la kusema, mama. Naomba tu picha yake igeuzwe, juu iwe chini."

Bwana Lenzi akaangua kicheko. "Mnaona? Hata kutundika picha hajui!"

Wafanyakazi wawili wakaishusha, wakaigeuza, wakaitundika tena miguu juu. Meneja akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Ndani ya tumbo la glasi, ambamo maji huonesha kichwa chini kila kilicho nyuma yake, ukingoni kabisa, kando ya ukanda mweusi, alisimama mtu mdogo wima, ameegemea ukuta, mikono kaikunja kifuani, kichwani ana pama yenye unyoya wa jogoo.

Bwana Lenzi, taratibu, akapeleka mkono kichwani na kuvua kofia.