Ngiri Aliyeshika Mkia

Wanyama wa bonde moja walishindana kila mwaka kupanda mlima mbio, na kila mwaka Kongoni alishinda, na Ngiri akashika mkia.

Mwaka mmoja mwamuzi wao, Korongo, akatangaza mapema, "Nasikia kuna mzizi mnaotafuna ili msichoke, nao huacha ulimi mwekundu. Safari hii nitakagua ndimi zenu."

Siku ya mbio, Ngiri alifika kileleni wa kwanza. Kongoni akafika nyuma yake akihema.

"Mzee Korongo, huyu katafuna mzizi! Tangu lini Ngiri akanishinda mimi?"

Ngiri akatoa ulimi. Ulikuwa safi.

"Basi kapata dawa isiyoacha rangi," Kongoni akasema, na wenzake wakamuunga mkono. Machozi yakamlengalenga Ngiri.

Korongo akawaita kwenye mwamba wa kileleni. Kila mwaka mbio zilianza siku ile ile, jua likichomoza, na kila mkimbiaji alipomaliza, Korongo alichora alama pale kivuli cha mwamba kilipofikia.

"Tazameni. Hii ni alama ya Ngiri ya mwaka jana, na hii ni ya leo. Ziko pamoja. Hajaongeza mbio hata kidogo. Ninyi ndio mmepunguza, tena mwaka huu nilipotaka kuona ndimi."

Kongoni aliinamia kwato zake.

"Mzee," Ngiri akauliza polepole, "kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa wa kwanza?"

"Ulikuwa wa kwanza, mwanangu," Korongo akasema, "na mimi nikakutangaza wa mwisho. Unisamehe."