Usingizi wa Kwenye Chupa

"Amelala," bibi alinong'ona, akiridhika kuona maziwa yamebaki kidogo tu chupani. "Ameshiba huyu. Nimlaze?"

Muuguzi aliichomoa chupa kinywani mwa kichanga, akamchukua, akamketisha wima kiganjani na kumsugua mgongo. Midomo ile midogo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, na kifua kimetulia tuli. Kisha kifua kikashtuka, kikapanda, na mtoto akalia.

"Hakulala, bibi. Alisahau kupumua," muuguzi alisema kwa upole. "Bwana mdogo huyu anakunywa kama mtu anayefukuzwa. Akimeza mara tatu nne, mpumzishe. Haya, mshike tena, maana nyumbani ni wewe utakayemlisha mpaka mshono wa mama yake upone."

Binti wa bibi alicheka pale kitandani, kwa tahadhari, akijishika tumbo. "Usimwonee shaka, sista. Mama ni fundi wa watoto. Ametulea sita."

Bibi hakunyoosha mikono. Alikuwa akiitazama midomo ya mjukuu wake, ambayo sasa ilianza kurudiwa na wekundu, na tone la maziwa lililobaki pembeni.

"Wa kwanza naye alilala hivi hivi," alisema. "Nikamfunika vizuri, nikaurudisha mlango polepole, asije akaamshwa."

Kicheko kilikatika kitandani. "Wa kwanza si mimi, mama?"

Bibi alishika pembe ya kitambaa, akalifuta lile tone. Likaisha, naye akaendelea kufuta.