Herufi T Kwenye Mfuko

"Barafu ya mfuko imeshayeyuka, mzee. Nusu saa tu, kisha seli zinakufa. Niambie: T ni nani?"

Arumugam aliukodolea macho mfuko mikononi mwa Sista Rosalin. Mdogo, kama wa maziwa ya chai. Ndani mlikuwa na seli za damu za bintiye, Kayal. Zilitolewa mwezi uliopita, kirusi kilichong'olewa meno kikaziingizia jeni mpya, ili zikirudi mwilini ziitambue saratani na kuila. Dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa.

Mfuko uliandikwa T. Kayal. Asubuhi yeye alimwandikisha A. Kayal.

Chennai, kusini mwa India, hakuna majina ya ukoo. Mtu hutanguliza herufi ya kwanza ya jina la baba yake. Binti akiolewa, huchukua ya mumewe.

"Namba ya mgonjwa si ileile, sista?"

"Namba sawa, jina sivyo. Bila ndugu kueleza kwa maandishi, simwekei mtu mfuko wenye jina la mwingine. Mama yake yupo?"

"Mama Kayal tulishamzika."

"Basi muulize mwenyewe."

"Kayal! Kayal, mwanangu!" Dawa ya usingizi ilikwishamchukua.

Arumugam alimjua T mmoja tu: Thangadurai, fundi pampu wa ng'ambo ya reli, aliyekuja kuposa akatimuliwa kwa kandambili. Arumugam aliapa jina lile halitapita kinywani mwake. Tangu hapo baba na binti hawakusemezana. Hata siku ya kutolewa seli, Kayal alikwenda peke yake; leo tu, alipozidiwa, ndipo baba alipomleta. Kumbe walishaoana!

"Siandiki," alisema.

"Dakika kumi na mbili. Kiburi chako kitakaa, mzee. Hizi hazikai."

Alimtazama binti yake, midomo imepauka kama majivu. Akaishika kalamu, akaandika:

*Thangadurai ni mume wa binti yangu. Nimemkubali.*

Akatia sahihi. Seli zikaingia, tone kwa tone, mfuko ukabaki mtupu.

Jioni Kayal alizinduka. Karatasi ilikuwa juu ya faili, kando ya kitanda. Aliisoma, akairudia.

"Mume gani, Appa? T ni Thenmozhi. Ulipoacha kusema nami nilichukua herufi ya mama; hata jina lake umelisahau?" Akaikunja karatasi, akaitia chini ya mto. "Lakini hii sikurudishii."