Maji ya Konani

Siku hizi gari la zimamoto likija barabarani, maji linayotumia yanakatwa kwenye bomba la nyumba iliyopiga simu. Ukipiga, nyumba yako inakaa mwezi mzima bila maji.

Jioni hiyo lori lilibinuka pale konani, moshi ukaanza kupanda. Zuhena alikuwa uani, anachota maji ya kumkanda dada yake aliyejifungua juzi.

"Bibi, mle kuna watu!"

"Nawasikia, mjukuu wangu. Jaza hiyo ndoo kwanza. Mzazi hakandwi kwa mate."

Zuhena akafungua bomba mpaka mwisho. Kule barabarani mtu akaita, "Jamani!" Ndipo akasikia maji yanavyomiminika mtaa mzima. Kila nyumba ilikuwa inajaza ndoo.

Hakungoja yake ijae. Akapiga. Simu ilipopokelewa tu, bomba likakohoa, likanyamaza.

"Nisamehe, dada."

"Leta hiyohiyo nusu," dada akasema, akambusu mtoto utosini. "Huyu atanuka kidogo, basi. Kwani anaenda wapi?"

Bibi akacheka, akajifuta macho.

King'ora kikasikika, na mabomba ya majirani yakafungwa, moja baada ya jingine. Watu wa lori walitolewa wakiwa hai. Baadaye Mama Shani wa nyumba ya pili akaja na ndoo kichwani.

"Ya mzazi hii," alisema, bila kumtazama. "Na mimi nilikuwa nakaribia kupiga, mwanangu. Umeniwahi tu."

Zuhena akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.